Sura ya Tano: Kusikilizwa Mara Moja

Anayetoka Buhare kwenda Kenya huanzia Musoma mjini, hufika Makutano, hushika barabara kuu ya kaskazini, huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, hupita Tarime na kushukia Sirari. Hapo ndipo Tanzania inapoishia. Ng'ambo ni Isebania. Baina ya nchi hizo mbili pana kipande chembamba cha ardhi ambacho wachuuzi, waendesha bodaboda na wanafunzi hukivuka kila siku bila kukifikiria. Mwishoni mwa mwaka 2014 palikuwa na mtu mmoja pale asiyeweza kukivuka kuelekea upande wowote.

Mtu huyo ni Anudo Ochieng Anudo. Kwa maelezo aliyoyapeleka mahakamani, alizaliwa mwaka 1979 Masinono, Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi Babati, mkoani Manyara, kufuatilia taratibu za ndoa yake. Polisi wakautilia shaka uraia wake, wakaichukua pasipoti yake. Agosti 2014 alipoifuata pasipoti hiyo uhamiaji, alikamatwa, na tarehe 1 Septemba akavushwa mpaka na kuingizwa Kenya. Huko nako alifikishwa mahakamani na kuonekana hana haki ya kuwapo nchini humo. Tarehe 10 Novemba Wakenya wakamrudisha. Tanzania haikumpokea. Akabaki mpakani Sirari, akiishi mahali ambapo hakuna mtendaji wa kijiji wala diwani, wala ofisi ambayo angeweza kupeleka barua ikapokelewa.

Karatasi alikuwa nazo, tena zilizotolewa na serikali ileile iliyomkana. Kilichokosekana ni kikao. Kabla ya kufukuzwa kwake, hakuna hakimu wala jaji wa Tanzania aliyeketi akasikiliza pande mbili na kuamua kama huyu ni Mtanzania au si Mtanzania.

Anudo hakuwa mkimbizi. Hata hivyo nimeanza naye, kwa sababu mwombaji hifadhi na mtu aliyekanwa uraia hufika mahali pamoja. Wote wawili husimama mbele ya ofisa anayewauliza wewe ni nani na kwenu ni wapi. Wote wawili hatima yao huamuliwa na wizara moja, ya Mambo ya Ndani. Na wote wawili, baada ya kukataliwa, hubaki na swali moja: je, kuna mahakama itakayonisikiliza, na itanisikiliza mara ngapi?

Duniani kote sasa hivi serikali zinalijibu swali hilo kwa kupunguza. Zinapunguza maombi ya marudio, zinapunguza rufaa, zinapunguza nafasi ya majaji kuupitia uamuzi wa waziri. Baadhi ya mipaka hiyo ni halali na ya lazima. Mingine ni dhuluma iliyovikwa joho la utaratibu. Katika sura hii nataka kuonyesha namna ya kuitofautisha, na mizani ninayoitumia ni moja: mahakama ina haki ya kukataa kumsikiliza mtu mara ya pili iwapo tu mara ya kwanza alisikilizwa kweli.

Kesi lazima iwe na mwisho

Tuanze na upande wa mahakama, maana hoja yake ni nzito. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama akisubiri jina lake liitwe anajua maana ya shauri kuahirishwa. Kila saa ambayo jaji anaitumia kusikiliza upya jambo lililokwisha kuamuliwa, kuna mjane wa mirathi au mfungwa wa rufaa anayesogezwa mbele. Ndiyo maana kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania kinakataza mahakama kusikiliza upya jambo ambalo watu walewale waligombania na likaamuliwa na mahakama yenye mamlaka. Kanuni hii inamlinda hata mnyonge: bila hiyo, tajiri angeweza kumburuza jirani yake mahakamani kila mwaka kwa kiwanja kilekile mpaka amchoshe.

Katika mashauri ya hifadhi kanuni hiyo imechukua sura yake. Uingereza, ambako Wasomali, Waganda, Warundi na Wakongomani wengi wamepitia njia hii, kanuni za uhamiaji katika aya ya 353 zinaweka masharti mawili kwa aliyekwisha kukataliwa anapoleta ombi jipya. Kwanza, aje na jambo ambalo halikupata kuangaliwa. Pili, jambo hilo likiunganishwa na yale ya mwanzo, pawe na matumaini ya kweli kwamba anaweza kushinda. Asipoyatimiza hayo, ombi lake halihesabiwi kuwa ombi jipya na rufaa haifunguki. Umoja wa Ulaya nao una utaratibu unaofanana na huo.

Masharti hayo yana busara ndani yake, kwa kuwa yanakiri kwamba ukweli wa mkimbizi hausimami mahali pamoja. Mfikirie Mrundi ambaye ombi lake lilikataliwa Machi 2015, wakati ofisa aliyemhoji angeweza kusema kwa nia njema kwamba Bujumbura ni shwari. Aprili mwaka huohuo Pierre Nkurunziza akatangazwa kuwania muhula wa tatu, maandamano yakazuka, Mei pakawa na jaribio la mapinduzi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kuingia Kigoma. Kumwambia mtu huyo kwamba kesi yake imekwisha ni kumhukumu Juni kwa habari za Machi. Kanuni nzuri ya marudio humfungulia huyu na kumfungia yule anayerudi na karatasi zilezile.

Tanzania nayo ina chujio lake. Mtu anayedhulumiwa na uamuzi wa waziri, mkurugenzi au chombo chochote cha umma anaweza kuomba Mahakama Kuu ifanye mapitio. Katika mapitio, jaji hakai kwenye kiti cha waziri ili aamue upya. Anaangalia njia iliyofuatwa: je, waziri alikuwa na mamlaka hayo? Je, alimsikiliza mhusika? Je, alifuata sheria aliyodai kuifuata? Akikuta kasoro anaweza kuufuta uamuzi, kumzuia mtendaji asiendelee, au kumlazimisha atimize wajibu wake. Kwa kanuni za mwaka 2014, mwombaji lazima kwanza apate kibali cha kuleta maombi, na kibali hicho akiombe ndani ya miezi sita tangu uamuzi anaoulalamikia. Akishakipata, ana siku 14 za kuleta maombi yenyewe.

Kwa mtu wa Musoma mwenye wakili, miezi sita inatosha. Siku hizi Mahakama Kuu ina masjala Musoma kwenyewe, wakati zamani mashauri ya Mara yalipelekwa Mwanza. Sasa mhesabie miezi hiyo mtu aliyevushwa mpaka kwa nguvu, asiye na nakala ya uamuzi, asiyeruhusiwa kukanyaga nchi ambamo mahakama hiyo imo. Saa yake inatembea kama saa ya mtu mwingine yeyote, ila yeye hawezi kutembea.

Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huondoka, na hakuna atakayesema amedhulumiwa. Lakini desturi hiyo husimama juu ya dhana kwamba ndani kuna mtu anayeweza kusikia. Mipaka ya mahakama inahitaji dhana hiyohiyo, nasi tunao wajibu wa kuichungulia kila mara kuona kama ni ya kweli.

Jaji wa Mwanza na gereza la Musoma

Mkoa wa Mara una nafasi yake katika historia ya swali hili, na nafasi hiyo haisimuliwi vya kutosha.

Waingereza walituachia sheria ya mwaka 1921 iliyompa mkuu wa nchi mamlaka ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine. Hakuhitaji kwanza kumtia hatiani mahakamani. Amri ya maandishi ilitosha. Uhuru ukaja, sheria ikabaki. Katika miaka ya 1980 ilimfikia Chumchua Marwa, aliyekuwa ameshikiliwa katika gereza la Musoma.

Marwa alikuja mahakamani katika wakati mzuri. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla ya mtu kuruhusiwa kushtaki kwa kuzitegemea. Muda huo ulikwisha Machi 1988. Shauri la Marwa dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma lilifunguliwa mwaka huohuo, likaenda kwa Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza. Jaji huyo alitamka kwamba sheria ile ya kuhamisha watu inapingana na Katiba na kwa hiyo ni batili.

Uzito wa tamko lile unaonekana ukikumbuka aliyeshindwa ni nani: saini ya Rais. Mfungwa wa Musoma, kupitia shauri moja, alimfanya jaji aitazame saini hiyo na kuuliza ina uhalali gani. Hiyo ndiyo kazi ya mapitio ya mahakama katika umbo lake lililo wazi kabisa. Miaka sita baadaye, Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe iliyohusu ardhi ya kimila mkoani Arusha, ilikataa vifungu vya sheria ya Bunge vilivyowazuia watu kwenda mahakamani kudai haki zao. Kabla ya hapo, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, mahakama hiyohiyo ilifuta sharti la kuomba ruhusa ya serikali kabla ya kuishtaki serikali.

Kwa hiyo Tanzania ina mizizi. Majaji wake walikwisha kusema, tena kwa sauti ya mahakama ya juu kabisa, kwamba Bunge haliwezi kumfungia mwananchi mlango wa mahakama kwa kuandika tu sentensi katika sheria.

Mwaka 1983

Hata hivyo walioandikiwa milango hiyo wameonekana kuwa raia. Mgeni anayeomba hifadhi amebaki nje ya mizizi hiyo kwa muda mrefu.

Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi. Jaribio liliposhindwa, kiongozi wao Hezekiah Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu walitorokea Dar es Salaam kwa ndege ya jeshi, wakaomba hifadhi na kuipata. Januari 1983 ikagundulika njama ya kumpindua Mwalimu Julius Nyerere, na baadhi ya washtakiwa wakatorokea Kenya. Kila nchi ikawa imeshika watu ambao mwenzake anawataka. Novemba 1983 wakabadilishana. Ochuka alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kenya na kunyongwa mwaka 1987.

Mwaka huohuo wa 1983 Mwalimu, mwana wa Butiama, alitunukiwa Nishani ya Nansen, heshima ya juu ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi. Alistahili. Tanzania yake iliwapa wakimbizi wa Rwanda na Burundi ardhi ya kulima, ikawapa Wanyarwanda wengi uraia pia, na iliwakaribisha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji na Zimbabwe wakati kuwakaribisha kulikuwa na gharama ya damu. Ninayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu yanafundisha jambo ambalo wapenzi wa Mwalimu, nikiwamo mimi, tunapaswa kulikubali. Ukarimu wa kiongozi, hata uwe mkubwa kiasi gani, haumlindi mkimbizi siku ambayo maslahi ya dola yanahitaji vingine. Siku hiyo kinachoweza kumlinda ni jaji mwenye mamlaka ya kusema: subirini kwanza, nimsikilize.

Sheria ya wakimbizi ya 1965, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilijengwa kwa ajili ya kuwadhibiti wakimbizi, na jina lake lilisema hivyo wazi. Iliyofuata, ya 1998, ilileta tafsiri pana ya mkimbizi na kamati ya taifa ya kuwahoji waombaji. Lakini aliyekataliwa huelekezwa arudi kwa Waziri, na neno la Waziri ndilo la mwisho. Hakuna baraza huru la rufaa kama lile ambalo Uganda iliweka katika sheria yake ya 2006. Katikati ya sheria hizo mbili, Desemba 1996, serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa Tanzania wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Watu wapatao nusu milioni walipewa tarehe moja. Aliyekuwa na sababu yake binafsi ya kuogopa kurudi hakuwekewa meza ya kuieleza.

Arusha, 22 Machi 2018

Sasa turudi kwa mtu wa Sirari. Akiwa palepale mpakani, mwaka 2015 kesi yake ilifika Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tanzania ilikuwa imetoa tamko mwaka 2010 la kuwaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na hapo ndipo palipokuwa na upenyo.

Hoja ya serikali ilikuwa ileile ambayo serikali zote hutumia: amekuja mapema, hakumaliza njia za ndani. Angeweza kumwomba Waziri. Angeweza kwenda Mahakama Kuu. Mahakama ya Afrika ikaitazama njia hiyo ya ndani kama mtu anayeitazama barabara kabla ya kumlaumu msafiri kwa kutoipita. Ilikuta nini? Kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kilimwondolea Waziri wajibu wa kutoa sababu, na kikasema uamuzi wake haukatiwi rufaa wala kupitiwa na mahakama yoyote. Ilikuta pia kwamba sheria ina pengo: raia wa kuzaliwa ambaye uraia wake unabishiwa hakuwekewa njia ya kwenda mahakamani. Na ilimkuta mtu mwenyewe amefukuzwa na kutupwa mahali ambapo hata njia ingekuwapo asingeweza kuishika.

Hukumu ilitolewa tarehe 22 Machi 2018. Mambo yake makuu ni matatu, na kila afisa wa uhamiaji, mtendaji wa kata na mwanafunzi wa sheria anapaswa kuyajua.

La kwanza ni mzigo wa kuthibitisha. Mtu aliyejulikana kuwa raia tangu kuzaliwa, kwa nyaraka zilizotolewa na dola yenyewe, halazimiki kuthibitisha upya kila anapoulizwa. Dola inayomkana ndiyo ithibitishe. Mahakama ilipima ushahidi wa serikali na haikuridhika nao.

La pili ni kufukuzwa. Mtu hawezi kutolewa nchini kiholela, bila kupewa nafasi ya kueleza sababu za kupinga na kuwa na mtu huru wa kuzipima.

La tatu linaigusa moja kwa moja mada yetu. Mahakama iliiamuru Tanzania irekebishe sheria zake ili mtu ambaye uraia wake unabishiwa awe na njia ya mahakama. Pia iliiamuru ichukue hatua zote za kumrejeshea mlalamikaji haki zake, ikimruhusu arudi nchini na kumlinda, na itoe taarifa ndani ya siku 45.

Jambo hili lina maana ya pekee kwa mkoa wa Mara. Mpaka wetu ulianza kuchorwa Ulaya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipovuta mstari kutoka pwani hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mstari huo ulipita katikati ya Wakuria, ukawaacha wa Tarime huku na wa Kehancha kule. Uliwagawa Wajaluo pia, Rorya upande huu, Migori upande ule. Mke hutoka ng'ambo, mjomba yuko ng'ambo, ng'ombe wa mahari huvuka. Jina la mtu halisemi ni raia wa wapi. Wala lugha yake. Mahali penye watu wa namna hii, shaka ya ofisa ni rahisi kuzaliwa na ni ngumu kuondolewa, kwa hiyo ndipo jaji anapohitajika zaidi.

Tena shaka hiyo haichagui wanyonge peke yao. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, si raia wa Tanzania. Ikiwa mtu anayejulikana nchi nzima anaweza kuamka siku moja akiwa mgeni, mvuvi wa Ukerewe au mchunga ng'ombe wa Rorya atajitetea kwa lipi?

Milango inayofungwa kimyakimya

Novemba 2019 Tanzania iliwasilisha barua ya kuliondoa tamko lake la 2010. Wiki moja baadaye, tarehe 28, mahakama ya Arusha ilitoa hukumu nyingine ya uraia dhidi ya Tanzania, ya Robert John Penessis, mtu aliyekuwa ameshikiliwa katika gereza la Butimba, Mwanza, kwa kuonekana si raia. Nayo ilisema dola ilikiuka haki yake ya uraia na uhuru wake. Kujitoa kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Tangu siku hiyo Mtanzania aliyekwama kama yule wa Sirari hana tena njia ya kupeleka shauri lake mwenyewe katika mahakama hiyo, ingawa jengo lake liko Arusha, ndani ya nchi yake.

Mwaka huohuo wa 2020 Bunge likarekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi. Kwa marekebisho hayo, aliyefungua shauri la haki alitakiwa aape na kuonyesha jinsi ukiukaji ulivyomgusa yeye binafsi. Kwa mtu aliye huru hilo laweza kuonekana dogo. Kwa aliyefukuzwa nchini, aliye kambini Nyarugusu au mahabusu, mara nyingi anayeweza kumfikia hakimu ni mwingine: kasisi, shirika la msaada wa kisheria, mwanaharakati wa mjini. Huyo ndiye aliyebanwa.

Imebaki Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Mkataba wa Jumuiya unampa mtu miezi miwili tu, tangu kitendo kitokee au tangu akijue. Mwaka 2013 kitengo cha rufaa cha mahakama hiyo kilionyesha ukali wa kipimo hicho katika shauri la Omar Awadh na wenzake, Wakenya waliokamatwa kwao na kupelekwa Uganda baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010. Walilalamika kwamba walivushwa mpaka bila taratibu za kisheria. Mahakama ilisema muda ulianza siku walipokabidhiwa, na kwamba haina mamlaka ya kuuongeza. Walikuwa wamechelewa. Je, kuvushwa kwao kulikuwa halali? Shauri likaishia kwenye kalenda kabla ya kulifikia swali hilo.

Ukiiweka mipaka hii pamoja unaona jambo ambalo ukiitazama mmojammoja halionekani. Kila mmoja una sababu yake inayoeleweka. Muda ni wa lazima. Kibali ni cha lazima. Kuonyesha maslahi ni busara. Lakini mtu mmoja anapokutana nayo yote kwa pamoja, anaambiwa umechelewa na mlango ambao jana aliambiwa amefika mapema.

Hesabu zinazotumiwa kufunga

Wenye nchi tajiri wanazo hoja zao za takwimu, na inafaa tuzijue, kwa kuwa huwa zinasafiri hadi kwetu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Cart, iliruhusu maamuzi fulani ya baraza la rufaa yapitiwe na Mahakama Kuu kwa kipimo kikali. Wengi waliotumia njia hiyo walikuwa watu wa uhamiaji na hifadhi. Machi 2021 tume iliyoongozwa na Lord Faulks ikapendekeza ifungwe, ikieleza kwamba ni asilimia 0.22 tu ya maombi yaliyofaulu. Wataalamu wa sheria wakaichambua hesabu hiyo, wakaonyesha imekosewa. Serikali yenyewe baadaye ikatumia takwimu ya asilimia 3 na ushee. Hata hivyo sheria ya 2022 ikaifunga njia hiyo, ikiacha tundu dogo.

Asilimia 3 bado ni ndogo, mtu atasema. Lakini tuulize ni asilimia 3 ya nini. Katika mashauri ya hifadhi, kosa moja ni mtu mmoja kurudishwa kwa waliomtesa. Hakuna fidia inayolirekebisha kosa hilo baada ya ndege kutua.

Kenya imetupa hoja ya pili kutoka upande mwingine. Mwaka 2013 Jaji David Majanja, katika shauri lililoletwa na Kituo Cha Sheria, alizuia mpango wa kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha sheria ya usalama kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo alibatilisha agizo la kufunga kambi ya Dadaab. Hesabu mashauri: ni matatu. Hesabu watu walioguswa: ni mamia ya maelfu. Anayesema mahakama zitazama kwa wingi wa kesi za wakimbizi aangalie jinsi shauri moja lililosikilizwa vizuri lilivyoondoa haja ya maelfu ya mashauri mengine.

Yanayodaiwa

Nimeandika haya nikiwa Buhare, ambako kuna chuo kinachofundisha maafisa maendeleo ya jamii. Vijana wanaohitimu pale hupelekwa katika kata na vijiji, na mara nyingi wao ndio watumishi wa kwanza wa umma ambao mtu mwenye barua ya uhamiaji mkononi huwakimbilia. Ninawaandikia wao kwanza, kisha wabunge wao.

Kwa watumishi wa kata na vijiji: mtu akikataliwa, mwelekezeni aombe uamuzi kwa maandishi, wenye tarehe na jina la ofisi. Miezi sita huanza kuhesabiwa mapema kuliko watu wanavyodhani, na bila karatasi hiyo wakili hana pa kuanzia. Atunze nakala za kila kitu mahali pawili: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha shule, barua ya mtendaji. Akitaka kurudi mara ya pili, mwulizeni ana jambo gani jipya. Kama lipo, liandikwe. Kama halipo, mwambieni ukweli, maana kumpa matumaini ya uongo ni kumla fedha zake za mwisho.

Kwa wabunge: madai ni manne. Sheria ya uraia iseme waziwazi kwamba anayekanwa ana haki ya kusikilizwa na mahakama kabla ya kuvushwa mpaka, kama hukumu ya 2018 ilivyoagiza. Sheria ya wakimbizi iwe na baraza la rufaa lililo huru na Waziri. Muda wa kuomba mapitio usihesabiwe kwa siku ambazo mtu alizuiwa na dola hiyohiyo kuifikia mahakama. Na tamko la mwaka 2010 lirudishwe Arusha.

Hakuna hata moja katika haya linalomruhusu mtu kushtaki milele. Yakitimizwa, majaji watakuwa na haki kamili ya kulifunga jalada na kusema limekwisha, na aliyeshindwa atakuwa na wajibu wa kukubali. Hukumu huheshimiwa na aliyeshindwa pale anapojua kwamba maneno yake yalifika mezani. Bila kikao hicho, kinachoitwa mwisho wa kesi ni nguvu tu, na Tanzania iliyomfungulia mfungwa wa Musoma mwaka 1988 inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo.